Koleo la Tikiti na Damu ya Mzee Okito

Sauti kutoka Kinshasa ilikuwa inakatikakatika. Katika chumba cha fonia, ile redio ya misioni ambayo watu wa Kindu waliitumia kuzungumza na mji mkuu, Daktari Kankolongo alikuwa ameinama mpaka midomo yake ikakaribia kugusa kipaza sauti. Kila jina alilolisikia alilirudia kwa nguvu ili asikosee.

"Kitenge, hapana. Matata, hapana. Endelea."

Nyuma yake alisimama Mbombo, mpimaji wa damu wa kituo cha malale. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani. Majina hayo aliyajua yote, kwa sababu ni yeye aliyewatoboa vidole watu hao na kudondosha damu yao kwenye karatasi.

"Okito," ikasema sauti. "Ndiyo. Nguvu sana."

Hilo halikumshangaza mtu. Mzee Okito wa Lokandu alikuwa amelazwa tangu mwezi uliopita, na vijidudu vya malale Mbombo alikuwa ameviona kwa macho yake chini ya hadubini, vikijipindapinda katikati ya chembe za damu.

"Feza. Ndiyo."

Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa alichokuwa akikitafuta.

"Mbombo. Ndiyo, lakini hafifu."

Redio ilivuma.

"Rudia hilo la mwisho," daktari alisema.

"Mbombo. Mike, Bravo, Oscar, Mike, Bravo, Oscar. Ndiyo. Hafifu."

Majina yaliyobaki yalisomwa, na yote yalikuwa hapana. Daktari alipozima redio hakugeuka mara moja. Alipogeuka, alimtazama Mbombo shingoni, mahali ambapo ugonjwa huo huvimbisha tezi, na Mbombo akajikuta ameinua mkono kupafunika.

"Mama Mbombo," alisema kwa upole, "Jumatatu tutakutoa maji ya mgongo, tuone kama malale yamefika kichwani."

Mbombo alizaliwa Kindu, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, na kwenye ubatizo aliitwa Bernadette. Baba yake, Badibanga, aliletwa kutoka Kasai kuchochea moto wa magari-moshi, na watu wa kambi walimjua kwa kikohozi chake cha makaa kabla hawajamjua kwa uso. Serikali ilipoagiza watu waache majina ya Kizungu na kurudia ya mababu, Bernadette aliachwa nyumbani, akabaki Mbombo katika kila karatasi. Alisomea upimaji wa damu kwa masista, akaolewa na Banza, mtu wa Katanga aliyekagua tikiti katika treni ya Kindu na Kamina, na akazoea kuishi na mume anayeondoka na kurudi kwa ratiba ya injini mbovu.

Kazini alikuwa na sifa moja: hakuwa na haraka. Wapimaji wengine walitazama tone la damu kwa muda mfupi, wakasema hakuna kitu. Mbombo aliweza kukaa na tone moja mpaka chai yake ikapoa na nzi wakaimaliza. Wagonjwa kutoka Kibombo na Pangi walimwomba kwa jina. Kwa hiyo, mradi wa kipimo kipya ulipofika Kindu, hakuna aliyeuliza ni nani angepewa.

Kipimo chenyewe Daktari Kankolongo aliwaeleza siku moja baada ya salongo, wakiwa bado na majembe mikononi, maana Jumamosi kila mfanyakazi wa Zaire alilima au kufagia kwa ajili ya taifa. Alisema kwamba kila kiumbe, hata kijidudu, kina ndani yake uzi mwembamba unaoitwa ADN, na katika uzi huo yameandikwa yote yanayokifanya kiwe kilivyo. Hadubini haiwezi kuona kijidudu kama damu ina viwili au vitatu tu. Lakini huko Ulaya kuna mashine inayopasha damu joto na kuipoza, ikapasha na kupoza tena, na kila mara kipande cha ule uzi kinajizaa.

"Ni kama wimbo wa animasyo," alisema, akitaja nyimbo za kukisifu Chama. "Katibu wa Chama anafundisha wawili. Wale wawili wanafundisha wanne. Wanne wanafundisha wanane. Jioni mji mzima unaimba, hata asiyetaka."

Watu walicheka, kisha wakatazama nyuma yao kuona ni nani aliyekuwa amesikia.

"Kwa hiyo hata kijidudu kimoja kinaonekana?" Mbombo aliuliza.

"Hata kipande cha kijidudu kimoja."

Maagizo ya mradi yalikuwa haya. Damu idondoshwe kwenye karatasi nene ya kufyonza, ikauke, kisha kikatwe kipande kidogo na kutiwa katika kichupa cha mgonjwa huyo. Kipande kikatwe kwa mkasi, na mkasi upitishwe motoni kila baada ya mgonjwa. Lakini spiriti ya taa ya maabara ilikuwa imekwisha kabla ya mvua kuanza, na mkasi uliokuja na mradi ulikuwa umepotea kwa njia ambayo mikasi hupotea katika kila ofisi. Mbombo alikwenda nyumbani akachukua koleo la zamani la Banza, lile la kutobolea tikiti. Lilikata viduara vizuri, vyote sawa. Baada ya kila mgonjwa alilifuta kwa pamba iliyoloweshwa maji safi, mara mbili, kama alivyokuwa akifuta vioo vya hadubini miaka yote. Daktari alipoviona viduara vile alivisifu.

Sasa viduara vile vilikuwa vimesema kwamba Feza ana malale.

Feza alikuwa mke wa mshonaji aliyeitwa Waziri, ambaye alishona abakosti, suti za Kizaire zinazovaliwa bila tai, katika mtaa wa Kasuku. Alikuwa na miaka ishirini na kitu na mtoto aliyeanza kutembea. Miezi hiyo alikuwa akisinzia mchana, hata mbele ya chungu jikoni. Alisahau majina ya majirani. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito kama ya mwanamume, na ingawa jua la Kindu lilichoma, alijifunika vitenge viwili. Waziri alimleta akiwa amemshika kiunoni. Mbombo aliitazama damu yake siku tatu mfululizo na hakuona kitu. Maji ya mgongo yalitoka yamechanganyika na damu kidogo, kwa hiyo chembe zilizoonekana ndani yake hazikuweza kuaminika. Daktari alikuwa ameamua kungoja kipimo cha Ulaya, na sasa kilikuwa kimejibu.

Wakati huo dawa ya malale yaliyofika kichwani ilikuwa Arsobali. Wagonjwa waliiita dawa ya moto. Ndani yake mlikuwa na sumu ya kuulia panya, na ilikuwa kali kiasi kwamba bomba la plastiki liliyeyuka, ndiyo maana wauguzi walitumia mabomba ya kioo tu. Iliwaponya wengi ambao bila hiyo wangekufa kwa hakika. Lakini baadhi ya watu, bila mtu kujua ni kwa nini hawa na si wale, iliwapanda kichwani na kuwaua.

Mzee Okito alikuwa amemaliza sindano zake za kwanza. Kesho yake baada ya fonia, asubuhi, alikuwa akimtania Mbombo kuhusu uji wa kituo, kwa Kiswahili cha huko kinachosema njo mahali pa ndio.

"Mama, huu uji njo maji ya muto. Natafuta samaki ndani, sioni."

Kabla jua halijafika utosini alianza kutetemeka. Isidore, muuguzi wa wodi, alimshika mabega, Mbombo akashika miguu. Mzee alikaza mwili kama ubao, macho yakageuka meupe. Daktari alikuja mbio akamchoma kila alichokuwa nacho. Mchana huohuo Okito alifunikwa shuka, na ndugu zake wa Lokandu wakaanza kulia chini ya dirisha.

Feza alikuwa kitanda cha pili. Aliona yote kwa macho yaliyofunguka nusu.

"Huyu wetu ataanza kesho," Isidore alimwambia Mbombo walipokuwa wakinawa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha hata siku za msiba, akaongeza, "Na wewe utafuata, Mama Mbombo. Nitakuchagulia sindano yenye ncha nzuri."

Usiku ule Mbombo hakupika. Alikaa akijichunguza. Je, hakusinzia juzi kanisani? Je, hakusahau jina la mtoto wa dada yake? Alijibonyeza shingo mpaka ikauma. Aliogopa, na ndani ya woga huo mawazo yake yalizunguka jambo moja tu: Okito nguvu sana, Feza ndiyo, Mbombo hafifu. Nguvu, ndiyo, hafifu. Kama rangi inayofifia. Kama muhuri wa ofisi unaogongwa kwenye karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuchovywa tena katika wino.

Hapo alisimama. Alikumbuka siku ya kukata. Alikuwa amemkata Okito. Baada ya Okito alimkata Feza. Baada ya Feza, kwa kuwa maabara ya Ulaya ilitaka pia damu ya mtu mzima asiyeumwa ili walinganishe, alikata damu yake mwenyewe. Koleo lilikuwa lilelile. Na pamba ya maji inaondoa kile ambacho jicho linaweza kuona, lakini mashine ile haikuwa jicho.

Ilikuwa rahisi kuelewa. Kulisema ndiko kulikokuwa kugumu. Angesema nini? Kwamba kipimo cha Wazungu kimekosea, siku mbili baada ya kipimo hicho kumtaja yeye? Kila mtu angeona mwanamke anayekimbia sindano. Tena, mbaya zaidi, huenda yeye ndiye aliyekosea. Koleo chafu halikuwa ushahidi kwamba Feza ni mzima. Feza alikuwa anasinzia kweli. Kama ana malale na akanyimwa dawa, atakufa, na atakuwa amekufa kwa sababu ya maneno ya Mbombo.

Alifika kituoni akiwa bado hajaamua.

Feza alikuwa ameshalazwa chali, mkono umenyooshwa, mpira umefungwa juu ya kiwiko. Waziri alisimama mlangoni na kofia yake ya kufuma mkononi. Bomba la kioo lilikuwa limechemshwa, na Isidore alikuwa akivuta dawa kutoka katika kichupa. Daktari alikuwa akitafuta mshipa kwa kidole.

"Dokta, ngojeni," Mbombo alisema.

"Nini?"

"Ngojeni kwanza. Tafadhali."

Isidore aliinua bomba juu ili lisimwagike. "Mama, hii dawa haingojake."

"Damu ya Okito iko kwenye karatasi ya Feza," Mbombo alisema. Maneno yalitoka yote kwa pamoja. "Ni mimi nimeiweka. Sikukata na mkasi. Nilikata na koleo ya tikiti ya Banza, sikupitisha kwenye moto, nilipangusa na maji. Okito, halafu Feza, halafu mimi. Angalia vile ilishuka, Dokta. Nguvu, ndiyo, hafifu."

Daktari aliinua uso. "Koleo la tikiti," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua maagizo."

"Nilijua."

Isidore alicheka kwa pua. "Njo leo unakumbuka? Juzi fonia ilitaja watu tatu, na mutu wa tatu njo wewe. Sema tu unaogopa sindano, Mama. Hata mimi ningeogopa."

"Naogopa," Mbombo alisema. "Sana. Lakini koleo ni lile."

Waziri alikuwa ameingia ndani sasa. "Munasema nini? Bibi yangu iko na ugonjwa ao hana?"

Walitazamana, na kutazamana huko kulimwasha. "Ah, sasa naelewa. Dawa imekwisha. Dawa mumepelekea mutu mukubwa. Ndugu ya komisera, eh? Mimi nashonea hawa wakubwa abakosti, najua kifua ya kila mumoja, najua vile wanakula! Mushonaji wa Kasuku, bibi yake alale tu mpaka afe!"

"Baba Waziri, dawa ni hii hapa," daktari alisema, akionyesha bomba mkononi mwa Isidore.

"Basi muchome!"

Daktari alimgeukia Mbombo. Sauti yake ilikuwa chini. "Uniambie jambo moja. Una hakika kwamba Feza hana malale?"

"Sina."

"Kama anayo, na nikangoja?"

Feza, chali kitandani, alikuwa akimtazama yeye peke yake.

"Sijui, Dokta. Jana tumemuona Mzee Okito. Yule tulijua alikuwa nayo, na tulimchoma kwa haki. Huyu hatujui."

Daktari alibaki ameshika mkono wa Feza. Kisha akafungua mpira.

"Isidore, weka chini."

Waziri alipiga ukuta kwa kiganja, akatoka nje.

Daktari Kankolongo hakuwa mtu wa kuamini wala kukataa neno kwa sababu ya aliyelisema. Alimwita Mbombo maabara, akafunga mlango, akamgombeza kwa dakika chache kwa maneno ambayo Mbombo hakuyarudia kwa mtu maisha yake yote. Baada ya hapo alivuta kiti.

"Ndege itaondoka keshokutwa. Tutatuma damu mpya ya Feza na yako, iliyokatwa vizuri. Lakini hiyo haitoshi. Wakijibu hapana, nitajuaje kwamba safari hii ndiyo ya kweli na ile ya kwanza ndiyo ya uongo? Lazima koleo lenyewe lipimwe."

Alichukua karatasi mpya, nyeupe, ambayo haijawahi kuguswa na damu ya mtu yeyote. "Karatasi ya Okito iko wapi?"

Mbombo akaileta. Daktari alimwamuru atoboe kwanza karatasi ya mzee, afute koleo kwa pamba na maji kama alivyofanya siku ile, kisha atoboe karatasi nyeupe. Kiduara cheupe kilianguka ndani ya kichupa.

"Inahitaji jina," daktari alisema. "Wakijua ni karatasi tupu, watapima kwa macho ya mtu anayejua. Lakini sitaki jina la mtu wa hapa. Nikiandika Lusangi, kuna Lusangi kumi Kindu nzima, mmoja atakuja kuchomwa bure."

Mbombo alifikiri. "Andika Henri. Katika Zaire yote hakuna karatasi ya serikali yenye Henri."

Kwa mara ya kwanza siku ile daktari alitabasamu, kidogo. Akaandika Henri.

Bado palikuwa na tatizo la mkasi na moto. Mbombo alitoka nje akamkuta Waziri ameketi kwenye ngazi, kichwa katikati ya mikono.

"Baba Waziri, nahitaji mukasi yako. Ile mpya ya kazi."

"Kwanza muninyime dawa, halafu munitoze mukasi."

"Njo ya kukatia karatasi ya damu ya Mama Feza. Safari hii nitakata mbele yako, na uangalie."

Waziri aliinuka. Akaenda Kasuku, akarudi na mkasi umefungwa katika kitambaa. Mbombo alikuwa ameshamimina lutuku, pombe kali ya mihogo, katika taa ya maabara mahali pa spiriti. Waziri alinusa.

"Mukasi wangu kwenye pombe? Mimi ni Muislamu, Mama."

"Haiingii kwenye pombe. Inaingia kwenye moto."

"Moto ya pombe!"

"Moto ni moto, Baba."

Aliguna, lakini hakuondoka. Alisimama begani mwake wakati mkasi ulipogeuka mwekundu, ukapoa, ukakata karatasi ya Feza, ukaingia motoni tena, ukakata ya Mbombo. Kila mara ulipoingia motoni, Waziri alikunja uso kana kwamba ni kidole chake kinachoungua.

Ndege iliondoka. Daktari aliomba kwa fonia vichupa hivyo vipelekwe Ulaya haraka, mbele ya vingine vyote, naye akaahidiwa. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko mtu yeyote alivyotazamia, kwa sababu Feza alizidiwa. Alianza kula kwa kusukumwa. Kope zilivimba. Alipoulizwa swali, jibu lilikuja baada ya muda mrefu hivi kwamba aliyeuliza alikuwa amegeukia shughuli nyingine. Waziri hakumsalimia Mbombo tena. Alipopita ukumbini alisema kwa sauti, bila kumtazama, "Kama atakufa, nitajua mlango wa kubisha." Wafanyakazi wenzake Mbombo walianza kunyamaza alipoingia. Isidore hakutania, na hilo lilimtia Mbombo woga kuliko utani.

Jumatatu ya maji ya mgongo ilikuja ikapita; daktari aliiahirisha bila kueleza. Mbombo alijikuta akimchukia kidogo kwa huruma hiyo.

Halafu asubuhi moja Feza hakuamka. Waziri alimwita, akamtikisa, akapiga kelele. Isidore alikimbia kuwasha jiko la kuchemshia bomba.

"Imetosha," daktari alisema alipofika. Uso wake ulikuwa mkavu. "Hatuwezi kungoja zaidi. Lete Arsobali."

Mbombo alisimama miguuni pa kitanda. Alilolijua alikuwa amelisema lote. Alimshika Feza unyayo, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kumshika bila kuwazuia waliokuwa wakifanya kazi. Unyayo ulikuwa baridi. Ulikuwa baridi kama chungu cha maji, katika wodi ambamo wote walikuwa wakitoka jasho.

"Dokta, miguu yake."

"Nini?"

"Iko baridi sana."

Daktari alikunja uso. Aligusa unyayo, akagusa tumbo chini ya vitenge. Aliweka kipimajoto kwapani akangoja, na zebaki haikupanda. Alishika mshipa wa mkono akatazama saa. Alihesabu, akahesabu tena. Malale huleta homa na moyo unaokimbia. Moyo huu ulikuwa ukitembea kama mtu aliyebeba mzigo mlimani. Daktari aliinama, akapapasa koo la Feza, si pembeni ambako wote walikuwa wakipapasa kila siku, bali mbele, chini kidogo ya kikoromeo.

"Feza alizaliwa wapi?" aliuliza.

"Milimani, ngambo ya Pangi," Waziri alisema. "Juu ya nini unauliza?"

"Mama yake ana goita? Uvimbe hapa?"

"Eh, kubwa kama embe. Dada zake pia. Kule karibu wote wako nayo."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Isidore alikuwa ameingia na bomba la kioo kwenye sinia, mvuke ukitoka. Daktari alilitazama bomba lile, akamtazama Feza.

"Toa hiyo hapa," alisema. "Ni tezi ya koo, ile ya goita; ikichoka, mwili hupoa na kusinzia. Mfunikeni mablanketi. Mtieni maji ya sukari kwenye mshipa, polepole. Mimi naenda misioni."

Mbombo alimfuata mbio mpaka chumba cha fonia. Kinshasa ilipatikana baada ya kuitwa mara nyingi. Daktari aliomba vidonge vya homoni ya tezi, leo, kwa ndege yoyote itakayopita Kindu. Sauti ya upande wa pili iliandika, ikaahidi kutafuta, kisha ikasema:

"Ngoja, Kindu. Tuna majibu yenu kutoka Ulaya, yamefika jana. Uko tayari?"

"Tayari."

"Feza, hapana. Narudia, hapana. Mbombo, hapana. Henri, ndiyo."

Daktari alifumba macho.

"Kindu, umesikia? Raia wenu, sitwayen Henri, ana malale. Ndiyo kubwa. Wenzetu wa Ulaya wanasisitiza, mumwanzishie dawa mara moja. Hali yake ikoje?"

"Hali yake ni nzuri," daktari alisema. "Ni karatasi."

Daktari alikata mawasiliano kabla hawajauliza zaidi. Mbombo alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, akilia bila sauti, na hakujua kama alilia kwa ajili yake mwenyewe au kwa ajili ya sindano ile iliyokuwa imebaki hatua chache kutoka mkono wa Feza.

Vidonge vilifika kwa ndege ya misioni iliyokuwa ikileta mvinyo wa misa. Palikuwa na siku mbili ambazo hata daktari hakuthubutu kumwambia Waziri lolote. Kisha Feza alifungua macho akaomba maji. Baada ya juma akamuulizia mtoto wake kwa jina.

Koleo Mbombo alimrudishia Banza, na mpaka alipostaafu hakuna aliyekata karatasi ya damu kituoni bila yeye kusimama kando na taa inayowaka. Alikuwa mkali katika hilo hata wakamkimbia. Lakini kabla ya hayo yote palikuwa na asubuhi moja aliyoiogopa kuliko ile ya kwanza ya fonia. Daktari alitaka damu ya Feza ili aone dawa inavyofanya kazi, na Mbombo ndiye aliyekuwa zamu.

Feza alikuwa ameketi kitandani. Uvimbe wa kope ulikuwa umepungua, na kitenge kilikuwa kimoja tu begani. Mbombo aliweka sinia chini, akamweleza yote tangu mwanzo: koleo, pamba, mzee wa Lokandu. Hakuruka kitu. Waziri alisikiliza akiwa amesimama, na Mbombo alipomaliza, yeye alitazama dirishani.

Feza alikaa kimya muda mrefu. Mbombo alidhani bado ni ule uzito wa ugonjwa, jibu linalochelewa njiani. Haikuwa hivyo.

"Mama Mbombo," Feza alisema, "sikuchukii. Ulisema, na ungeweza kunyamaza. Lakini mkono wako usiniguse tena. Isidore njo anichome."

Mbombo aliinama. "Vema, Mama."

Alimpa Isidore sinia, akatoka, akasimama nyuma ya ukuta. Alijua sindano imeingia aliposikia Feza akipiga kelele, kelele kali ya mwanamke kijana, si ile sauti nzito ya ugonjwa, kisha akimtukana Isidore kwa upesi kwamba ana mikono ya mtu wa kuchimba viazi.